Kituo ni cha Aliyetangulia

S.L.P. 914,
Dodoma.
6 Juni 1994

Kwako Joha,

Natumaini barua hii itakukuta umeshiba na unamfokea mtu, maana siku ukiacha kufoka nitajua unaumwa. Mimi ni mzima kabisa.

Unaukumbuka ule mchezo wa softiboli uliokuwa ukituandikia habari zake ulipokuwa chuo cha ualimu, mpaka tukakuomba uandike habari nyingine? Basi umefika Dodoma. Idara yetu ina timu ya wanawake, walimu wa shule za msingi wana yao, na kila Jumamosi tunakutana kiwanja cha Mkonze. Vifaa aliviacha Mjapani mmoja wa kujitolea: glovu tisa, mipira minne, na kitabu cha sheria ambacho mchwa wamekila kuanzia ukurasa wa ishirini. Magongo tumechongewa na fundi wa Ihumwa kwa mti wa mninga, mazito kama mchi. Vituo ni magunia yaliyojazwa pumba. Mwamuzi ni Bwana Optatus wa masjala, ambaye katika sheria zote anaipenda zaidi ile ya kusema "auti".

Kukimbia nakimbia, na hakuna mwalimu wa Dodoma anayenipata. Shida ni kujua wakati wa kukimbia na wakati wa kusimama. Kwa hiyo nakuuliza wewe mtaalamu.

Jumamosi nilikuwa kituo cha pili. Mtu mmoja wa timu yetu alikuwa kituo cha kwanza, nyuma yangu. Mpira ukamponyoka mdakaji wao, yule mtu akainamisha kichwa akaja mbio hadi pale nilipo. Tukawa wawili juu ya gunia moja. Nikampisha. Kutoka tu, mwalimu mmoja akanigusa na mpira, Optatus akapaza sauti, na mechi ikaishia hapo. Tulifungwa saba kwa sita.

Kile kituo kilikuwa cha nani? Nijibu haraka, mpe kondakta Gideoni wa basi la Kwamtoro. Posta inachukua siku tisa na mimi sina siku tisa.

Wako,
Yasinta Chilongani

*

Shule ya Msingi,
Kwamtoro.
10 Juni 1994

Yasinta,

Nimeshiba, na niliyekuwa namfokea ni wewe, tangu niliposoma neno "nikampisha".

Ulimpisha! Unadhani uko kwenye foleni ya sukari? Haya, kaa chini nikufundishe, maana naona huko Dodoma mna mwamuzi lakini hamna mwalimu.

Mchezo wote ni huu: unapiga mpira, unazunguka vituo vitatu, unarudi nyumbani, unahesabiwa pointi. Ukiwa juu ya kituo chako hakuna wa kukugusa. Ukiwa katikati, mwenye mpira akikugusa umekwenda na maji. Usiondoke kituoni kabla mpira haujatoka mkononi mwa mtupaji. Wengine wanaiba hatua mbili wakidhani hawaonekani, hao wanatolewa bila huruma. Kituo cha kwanza unaweza kukipita kwa kasi yako na kurudi taratibu, lakini cha pili na cha tatu ukikipita wanakugusa. Mpira uliopigwa juu ukidakwa kabla haujagusa chini, rudi kwanza ukanyage kituo chako, ndipo uondoke. Na kamwe usimpite aliye mbele yako, hata kama anatembea kama anakwenda msibani.

Sasa swali lako. Kituo ni cha aliyetangulia kufika. Anayekuja nyuma ndiye mkosaji, naye arudi alikotoka. Wangekugusa wote wawili mkiwa juu ya gunia, angetolewa yeye, wewe ungebaki. Ukiwa kituoni, simama hapo hata wakija na tarumbeta.

Nimewafundisha watoto wangu wa darasa la sita. Ni Wasandawe karibu wote, na wakibishana kituo ni cha nani wanabishana kwa lugha yao, ndimi zinagonga tap tap, mimi nangoja wamalize. Lakini hakuna hata mmoja anayempisha mwenzake. Uone haya.

Mwalimu wako,
Joha Hassani

*

S.L.P. 914,
Dodoma.
20 Juni 1994

Wewe Joha,

Nilisimama hata wakija na tarumbeta. Nakuandikia ujue yaliyonipata.

Nilikuwa kituo cha kwanza. Sidonia, binti mmoja tunayechapa naye, akapiga mpira wa chinichini, akaanza kukimbia kuja kwangu. Mimi nikakumbuka barua ya mtaalamu wa Kwamtoro. Nikapanda juu ya gunia, nikakunja mikono. Sidonia anakuja huku analia, "Dada Yasinta, toka! Toka!" Nikamwambia, "Kituo ni cha aliyetangulia, rudi ulikotoka." Wakati huo walimu wameokota mpira bila haraka yoyote, mmoja akakanyaga kituo cha pili, Optatus akasema auti. Nikauliza nani? Akasema mimi! Nimesimama juu ya gunia, sijaguswa na mtu, nimetoka!

Wamecheka Mkonze nzima. Bosi wetu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake. Leo nimeingia ofisini wamenisimamia mlangoni wamekunja mikono.

Nieleze. Na safari hii nieleze yote.

Yasinta

*

Kwamtoro.
27 Juni 1994

Mpendwa Yasinta,

Watoto wamenikuta nacheka peke yangu ofisini wakadhani nimepata uhamisho.

Nilichokuambia ni kweli. Ila kuna jambo nilipitiwa kulitaja. Sisemi nilikosea.

Mpigaji akishapiga, kituo cha kwanza kinakuwa haki yake. Hawezi kurudi nyuma, kwa sababu nyuma hana kituo. Kwa hiyo aliyekuwa cha kwanza anasukumwa, lazima aende cha pili, na kama cha pili kina mtu naye anasukumwa. Aliyesukumwa hata kuguswa haguswi: wakikanyaga kituo anachotakiwa kwenda wakiwa na mpira, kwisha. Lakini kama nyuma yako kuna kituo kitupu, hujasukumwa na mtu, kituo ni chako mpaka wewe mwenyewe uamue kuondoka. Ndiyo maana usihesabu kwa kutazama mbele. Geuka, hesabu kuanzia kwa mpigaji. Pengo likitokea popote kati yake na wewe, tulia.

Yule mtu wa mechi yako ya kwanza hakusukumwa na yeyote. Mpigaji alikuwa bado na gongo lake. Alijiamulia tu. Kwa hiyo pale ulikuwa na haki, ukaitupa.

Sasa mimi nikuulize. Sekondari tulilala bwenini miaka minne kitanda kimoja, wewe juu mimi chini, na sijawahi kukuona ukimpisha mtu. Uliwahi kumnyima kaka mkuu ndoo kisimani. Halafu unaniandikia "mtu mmoja", bila jina, kama unaandika habari za mkweo. Huyo mtu ni nani? Na hizo haraka zako za kukosa hata siku tisa ni za nini, kwa mchezo wa Jumamosi?

Hunidanganyi.
Joha

*

S.L.P. 914,
Dodoma.
1 Agosti 1994

Ndugu yangu Joha,

Nisamehe kwa mwezi mzima wa kimya. Barua hii nimeianza mara nne.

Mtu mmoja ni Bi Debora Matonya, mkuu wetu wa utawala. Ana miaka hamsini na miwili, mzito, anapenda mchezo huu kuliko sisi wote, na akikimbia hatazami kitu. Ni kepteni kwa sababu hakuna aliyethubutu kumchagua mwingine. Ofisini akija kwenye korido tunajibana ukutani, na hajatuomba. Basi siku ile aliponijia na viatu vyake vya raba nikasikia miguu inasogea yenyewe. Nilisema, "Karibu, mama." Juu ya gunia, Joha! Nilimwambia karibu! Na haraka yangu ya Juni ilikuwa hiyo: ofisini wote walinilaumu mimi, nikataka kujua kosa ni la nani.

Hilo lingekuwa la kuchekesha tu. Sasa sikia lingine, nalo usimwambie mtu.

Serikali inapunguza wafanyakazi, umesikia redioni. Katika idara yetu wapiga chapa saba wanatakiwa kubaki watano. Waraka unasema aliyeingia mwisho anatoka kwanza, na kwamba utumishi uhesabiwe tangu siku mtu alipoanza kazi mfululizo, hata kama alikuwa wa muda. Najua kwa sababu waraka niliuchapa mimi. Ijumaa Bi Debora akanipa orodha ya wawili wanaotoka nichape nakala tatu, siri. Namba mbili ni mimi. Pembeni imeandikwa nimeanza tarehe moja Machi 1990.

Machi 1990 ndipo nilipothibitishwa. Nilianza Julai 1985. Miaka yote ile nilikuwa wa muda, nikichapa pale pale, kwenye mashine ile ile. Barua ya kuanza kazi ninayo. Nikihesabiwa vizuri nabaki, tena si wa mwisho. Lakini atakayetoka badala yangu ni Sidonia, aliyeanza 1987, na Sidonia ni mtoto wa dada yake Bi Debora. Anaishi kwake, Area C.

Nilichapa jina langu herufi kwa herufi. Sikukosea hata moja, na hilo ndilo linaloniuma. Nikampelekea nakala. Akasema asante Yasinta, nikasema asante mama.

Orodha inakwenda Dar es Salaam Jumatatu tarehe 29. Jumamosi ya tarehe 27 tuna fainali na walimu. Nimechapa sheria zako zote kwenye stenseli, kila mchezaji amepata nakala, na chini nimeandika "Kwa hisani ya Mwl. Joha Hassani, S.L.P. 41, Kondoa". Angalau hilo nimeweza.

Kama nikitoka sijui nitakwenda wapi. Mama na wadogo zangu wako kwangu. Nakuambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia anayehusika.

Wako,
Yasinta

*

IDARA YA UTAWALA
S.L.P. 914, Dodoma.
9 Agosti 1994

Mwl. Joha Hassani,
S.L.P. 41,
Kondoa.

YAH: KUKIMBIA KWANGU

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mwalimu, hunifahamu. Jina langu ni Debora Matonya. Anwani yako nimeipata kwenye karatasi ya sheria iliyochapwa na Bi Yasinta Chilongani, na nimeandika kwa mkono kwa sababu kila kinachochapwa katika idara hii kinapitia kwake. Naomba asijue.

Karatasi hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nyaraka za serikali. Ndipo nikafahamu kwamba mwezi Juni nilimtoa yule binti kwa kosa langu, na watu wakamlaumu yeye kwa kuondoka kituoni. Yeye mwenyewe hakusema neno. Wala hakuna mwingine aliyesema. Niliuliza timu, "Jamani, kosa lilikuwa la nani?" Wakasema ni bahati mbaya, mama.

Miaka kumi na miwili nimekuwa mkuu hapa. Nikisema jua linachomoza Singida watanikubalia.

Nina kazi ngumu mwezi huu ambayo siwezi kuieleza, na kiwanja cha Mkonze ndipo mahali pekee ninapopumua. Sitaki kukiharibu. Mimi ni mzito. Nikikimbia nainamisha kichwa kwa sababu nikitazama watu nasimama. Naomba unieleze mambo mawili: mtu wa aina yangu afanyeje ili asiwaangushe wenzake, na akishakosea, akajikuta anaelekea kituo chenye mtu, afanye nini.

Nategemea jibu lako.

D. Matonya

*

Kwamtoro.
15 Agosti 1994

Mama Debora,

Shikamoo.

Nimepokea barua yako kwa heshima kubwa, na nimeona nikujibu wazi, kwa sababu nadhani ndicho ulichoomba.

Kwanza, inua kichwa. Mkimbiaji anayetazama chini anaona viatu vyake tu. Tazama aliye mbele yako kabla hujaondoka. Kama hajaondoka, nawe usiondoke, hata mpira ukipotelea porini.

Pili, umekwisha kosea, uko njiani, mbele kuna mtu kwenye kituo. Hapo usiende kubanana naye. Simama, geuka, rudi, tena rudi kwa kelele na vumbi. Wenye mpira watakufuata wewe. Watarushiana mpira huku na huku wakidhani wamepata nyama, nao wakishughulika na wewe hawamtazami aliye kituo cha mbele. Huyo ndiye atakayekwenda nyumbani. Wewe wakikugusa baada ya yeye kukanyaga nyumbani, pointi imeingia, hawawezi kuifuta. Si lazima mtu awe na mbio ili aisaidie timu. Inatosha akubali kurudi.

Lakini mama, ili urudi ni lazima mtu akuambie urudi, kwa sababu yeye ndiye anayeona. Kama hawathubutu kukuambia, tatizo hilo halimo kwenye kitabu cha sheria. Waambie timu yako, kwa mdomo wako, kwamba uwanjani yeyote akikuona umekosea apige kelele.

Kulikuwa na jambo lingine nilitaka kukuuliza. Nimeliandika na kulifuta mara mbili. Si langu kulisema.

Sitamwambia Yasinta.

Wako mtiifu,
Joha Hassani

*

Kwamtoro.
22 Agosti 1994

Yasinta,

Barua hii ameichukua Gideoni mwenyewe, ameapa ataifikisha kesho.

Nina siri moja na nimeona niitoe, maana wewe umetoa yako. Chuoni sikucheza. Hata mechi moja. Nilikuwa nakaa benchi na daftari naandika pointi, kwa sababu nilikuwa na goti bovu na sikutaka mtu ajue. Sheria ninazijua kwa sababu nilizitazama miaka miwili wengine wakizikimbia. Kwa hiyo nikikuambia simama, ondoka, rudi, kumbuka ni mtu wa benchi anayesema. Kusema mimi naweza. Mlangoni kwa bosi utaingia mwenyewe, na nikiwa mkweli, sijui kama mimi ningeingia.

Ila hili nina hakika nalo, goti au si goti. Ile tarehe ya 1990 ni kosa, na wa kulisahihisha ni yule aliyeliandika, na hatalisahihisha asipoonyeshwa. Unamwogopa kwa sababu hujawahi kumpa nafasi ya kukusikia. Labda ni mbaya, labda siyo. Wewe unamjua kwa kumpisha tu.

Chukua barua ya 1985. Uchukue na waraka, uweke alama kwenye kifungu. Usilie, usimtaje Sidonia. Shikamoo, kisha karatasi mbili mezani.

Na Jumamosi uwapige walimu. Mimi ni mwalimu, nakuruhusu.

Joha

*

S.L.P. 914,
Dodoma.
31 Agosti 1994

Joha ndugu yangu,

Kaa chini usome polepole.

Ijumaa baada ya kazi Bi Debora alituita wote. Akasema, "Kesho uwanjani mimi si bosi. Mtu akiona nimekosea apige kelele. Atakayeninyamazia nitajua hanitakii mema." Tukatazamana. Sidonia akacheka, akadhani ni utani. Mimi sikucheka, niliona anatutazama mmoja mmoja.

Jumamosi upepo ulikuwa ule wa Agosti, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Walimu walianza vizuri, sisi tukawafikia, na zamu ya mwisho ya sisi kupiga ilikuwa tisa kwa tisa. Aliyekwisha toka ni mmoja. Mimi niko kituo cha tatu, Bi Debora cha pili, cha kwanza hakuna mtu, Sidonia ameshika gongo. Niligeuka nikahesabu kama ulivyonifunza. Nyuma kuna pengo. Hakuna wa kunisukuma.

Mtupaji wao akazungusha mkono, akatupa mpira vibaya, ukampita mdakaji ukagonga jiwe nyuma yake ukamrudia mikononi. Nilikuwa nimeshatoa mguu, nikaurudisha. Kugeuka, namwona Bi Debora anakuja! Kichwa amekiinua safari hii, ila miguu ilikwisha amua. Mdakaji akarusha mpira kituo cha tatu. Zimebaki hatua kama sita anifikie, mwalimu wa kituo cha tatu ana mpira mkononi, na miguu yangu, Joha, naapa, ikaanza kusogea.

Nikaikatalia. Nikapiga kelele sauti ambayo sikujua ninayo: "Mama, rudi! Rudi mama!"

Kiwanja kizima kilisikia. Akasimama kama amegonga ukuta, akanitazama, akageuka, akarudi mbio huku anapiga ukelele wa harusi. Yule mwalimu akamfuata. Akarusha mpira kwa mwenzake wa kituo cha pili, Bi Debora akageuka tena, wakarushiana, yeye huku na huku na vumbi lake, watu wanapiga makofi. Hakuna aliyenitazama. Nikaondoka. Nilipokanyaga nyumbani wao bado wanamfukuza. Kumi kwa tisa, mechi imekwisha!

Aliyenikumbatia wa kwanza ni Sidonia. Alitupa gongo akaniruka shingoni, tukaanguka wote. Bi Debora akaja anahema, magoti mekundu, akanishika mkono akasema, "Mwalimu wako wa Kwamtoro anajua kufundisha." Ndipo nilipojua mliandikiana, maana kwenye karatasi ya sheria niliandika Kondoa tu. Hilo tutaongea mimi na wewe siku nyingine. Umenificha vizuri, sikujua unaweza kunyamaza.

Jumapili sikwenda popote. Nilitoa barua ya 1985 nikaipiga pasi.

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwake. Shikamoo mama, marahaba. Nikaweka karatasi mbili mezani. Nikasema, "Mama, kwenye orodha tarehe yangu imekosewa. Waraka, kifungu cha nne, unasema hivi." Sikulia. Sauti ilikuwa yangu kabisa, nilishangaa.

Akasoma barua. Akasoma waraka kwa kidole, mstari kwa mstari. Akafungua majalada ya wapiga chapa wote saba mmoja mmoja, na mimi nimesimama pale. Akauliza, "Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu nilipoichapa, mama."

"Mwezi mzima."

"Ndiyo, mama."

"Na kama si juzi uwanjani ungenyamaza."

Nikasema ndiyo, kwa sababu ni kweli.

Akavua miwani. Aliacha jalada moja tu wazi mbele yake, na nilijua amekwisha hesabu na amekwisha ona ni nani. Nilitaka kusema basi mama, acha. Joha, neno lilifika mdomoni. Kama ningelisema ningebaki nimelibeba maisha yangu yote, naye angebaki nalo. Sikulisema.

Akasema, "Orodha ya kwanza niliandika kwa haraka. Niliangalia tarehe ya kuthibitishwa kwa watu wote, sikurudi nyuma kuangalia. Hilo ni kosa langu, si lako." Kisha akasema twende.

Chumba cha wapiga chapa kilikuwa bado kitupu, wenzangu hufika saa mbili. Nikakaa kwenye mashine, nikaweka karatasi tatu na kaboni mbili. Nikachapa kichwa cha habari. Nikachapa namba moja. Nikachapa mbili, nukta, vidole vikagoma. Nilijaribu kuvilazimisha. Nilikuwa naona mikono ya Sidonia shingoni kwangu, juzi tu, na vumbi kwenye nywele zake.

Bi Debora alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniwekea mkono begani, akasema, "Simama, mwanangu."

Nikasimama. Akakaa yeye. Hajui kuchapa, hajawahi kukaa kwenye kile kiti tangu aje idara hii. Akaitafuta S, akaipata. Akaitafuta I. Alichapa jina lote la mtoto wa dada yake kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, na koridoni tukasikia Sidonia anaingia anasalimia watu.

Yasinta